Nikianza tu kupitiwa na usingizi mwili warushwa. Ni nini hiki?

MamaMahamri, Kisauni

Assalaam aleikum jamaa, na wasio Waislamu hamjambo. Nauliza wenye kujua au waliopitia, wa kunicheka wangoje zamu yao.

Mie nauza mahamri na mbaazi. Kazi yangu huanza saa tisa za usiku. Unga huwa nimeukanda jioni, ushaumuka, naamka kusukuma na kukata, karai likipata moto naanza kukaanga. Wateja wangu wa kwanza ni makondakta na wanaume wanaotoka msikitini alfajiri, na hao hawangoji mtu. Kwa hivyo saa tatu za usiku, Isha nishaswali, watoto washalala, lazima nami niwe kitandani. Nikipitwa na saa hiyo basi tena.

Sasa taabu yenyewe. Nalala vizuri tu, macho yawa mazito, mawazo yaanza kuchanganyika, nimo kwenye mang'amung'amu, ghafla mwili mzima warushwa. Mguu wa kulia ndio hutangulia. Ni kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani. Moyo wapiga mbio, jasho lanitoka, na usingizi wote umeruka. Natulia, naanza upya, nikikaribia tena, tena. Kuna usiku hunijia mara moja nikalala zangu. Kuna usiku hurudi na kurudi mpaka nasikia tuktuk ya mume wangu yaingia uani, naye akiweka kichwa tu yuwalala fofofo, mie nimetoa macho.

Wakati mwengine si mwili, ni kichwa. Nahisi umeme umepita kisogoni ukatokea usoni. Na kuna usiku nilisikia sufuria kubwa limeanguka jikoni, mlio wa kuamsha mtaa. Nikatoka na tochi ya simu kutafuta paka. Masufuria yote yako mahali pake, paka hayuko, na mume wangu aliyekuwa ubavuni pangu hakusikia kitu.

Haya yalianza baada ya Ramadhani. Mchana sizirai, sianguki, sina homa, ni uchovu tu. Presha nimepimwa, iko sawa. Jirani yangu asema nimerushiwa kitu na mtu anayeitamani sehemu yangu ya kuuzia. Mama mkwe asema ni damu imepungua. Mie ninachokiogopa ni karai: mafuta yanayochemka na mtu ambaye hakulala havikai pamoja.

Je, ni ugonjwa? Na waliowahi kupata, mlifanyaje?

kijana_wa_Likoni

Hii hunishika nikiwa kwa feri jioni natoka kazini. Nimesimama, nimeegemea chuma, nasinzia kidogo, mguu unaruka napiga teke mkoba wa mtu. Aibu tupu 😂 Nilisoma mahali kwamba zamani tulikuwa tunalala juu ya miti, so ubongo unadhani unaanguka, unakuamsha ushike tawi.

UmmuWawili

Pole dadangu. Soma Ayatul Kursi na zile sura tatu za mwisho, jipulizie mikononi, jipanguse mwili. Na huyo jirani mwambie aache kukutia wasiwasi, biashara ya mahamri haijafika hadi ya kurogana.

ZamuYaUsiku

Wa aleikum salaam mwanangu. Mie ni mstaafu. Nimeendesha kreni bandarini Kilindini miaka mingi, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku, na hilo jambo lako nalijua nje ndani. Kwangu lilikuja kila nilipogeuziwa zamu. Narudi asubuhi, jua la Januari lishachoma mabati, najitupa kitandani. Macho yakifumba tu najiona nimeachia breki na kontena lateremka lenyewe, na watu wako chini. Nilikuwa nikiruka hivyo mpaka marehemu mke wangu akahamia chumba cha watoto, akaniachia kitanda nirukeruke peke yangu.

Daktari niliyemwendea hakunipima hata damu kwanza. Aliniuliza: wanywa nini ili ukeshe? Nikamwambia kahawa. Akanipigia hesabu ambayo sijaisahau. Kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya kama saa tano nusu ya kafeini huwa ingali mwilini. Sasa wewe hukuandika kama wanywa kahawa, lakini mtu wa Mombasa anayekanda unga baada ya Magharibi, na wale wazee wa dele la kahawa wanapita wakigonga vikombe, mie sihitaji kuambiwa. Ukinywa saa moja ya usiku, saa sita nusu yake bado imo damuni. Saa tatu unapolala, ndio kwanza iko kazini.

Lakini nisiisingizie kahawa kila kitu. Nilipoikata jioni kule kushtuka kulipungua, hakukuisha. Kilichobaki kilikuwa woga. Ukishaanza kuungoja mshtuko, walala umejikaza: taya limebana, mabega yako masikioni, wasikiliza kama waja. Mwili uliojikaza namna hiyo ndio hushtuka zaidi, na ukishtuka woga wazidi, na kesho usiku waanzia hapo ulipoachia leo. Mie nikageuza. Nikilala nasema moyoni, njoo, ukimaliza nitalala. Ukija sitazami saa, sihesabu zimebaki saa ngapi kabla ya zamu. Natoa pumzi polepole, ndefu kuliko niliyovuta, nageuka upande, basi. Usitegemee usiku wa kwanza. Lakini ukiuondolea heshima, wapoteza nguvu.

Kisha kuna joto. Mwili lazima upoe kidogo ndipo usingizi uingie, na wewe watoka jikoni moja kwa moja. Oga maji ya uvuguvugu, si ya baridi sana, kama saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu huja karibu na ngozi, joto likatoka. Feni ielekeze miguuni kama stima haijakatika.

Swali moja: hesabu za biashara wazifanya saa ngapi, na wapi?

MamaMahamri, Kisauni

Mzee wangu, umenichungulia dirishani? Daftari la madeni liko chini ya mto. Nalipitia nikishalala: nani kachukua mahamri ya kumi hajalipa, unga umepanda, hamira, ada ya huyu wa darasa la saba. Na kahawa ndiyo, kahawa tungu ya tangawizi, vikombe viwili, mara nyengine vitatu. Maanake saa ile mikono haina nguvu na unga wataka kukandwa kweli kweli.

kijana_wa_Likoni

Mahamri ya deni kumi? Huyo mteja ndiye anayekurushia umeme usiku 😂

Salim_Boda

Enda duka la dawa uitishe Piriton, meza mbili saa mbili usiku. Utalala kama gogo. Mimi nafanya hivyo.

Nesi_Mstaafu

Salim, tafadhali. Hiyo ni dawa ya mzio. Inaleta usingizi kwa sababu ya athari yake ya pembeni, na inakaa mwilini muda mrefu, hivyo mtu huamka kichwa kizito. Unampa mama anayesimama mbele ya karai la mafuta saa kumi za usiku. Na wewe unapanda pikipiki asubuhi? Hapana.

Mama, nimefanya kazi wodini miaka mingi, nitakueleza nijuavyo. Mtu haingii usingizini kwa mpigo mmoja. Ndani ya shina la ubongo kuna sehemu inayokuweka macho. Hiyo hulegea pole pole, na ile inayoleta usingizi hushika nafasi yake. Katika mpito huo misuli hulegea, pumzi na mapigo ya moyo hupungua. Wakati mwingine, inavyoaminika, ishara ya ghafla hutoka kwenye shina la ubongo ikateremka, na misuli mingi ikakaza kwa pamoja. Ndiyo huo mrusho. Hutokea usingizi ukiwa mwepesi kabisa, ndiyo maana unakuwa na fahamu ya kuukumbuka. Inakadiriwa kwamba watu 60 hadi 70 katika kila 100 wamewahi kushtuka hivyo. Hiyo ya kijana kuhusu miti ni dhana ya watu, haijathibitishwa, ingawa inapendeza kusimulia kwenye feri.

Yanayoongeza yanajulikana: kahawa na chai nyingi, sigara, miraa na jamii yake muguka, uchovu wa kukosa usingizi, wasiwasi, na kazi nzito au mazoezi makali karibu na saa ya kulala. Mama, hebu jihesabie mwenyewe una mangapi hapo. Ramadhani pia huvuruga saa za kulala: daku, tarawehe, futari iliyochelewa. Wengi hurudi kwenye ratiba yao baada ya Idi huku wana deni la usingizi ambalo hawajalilipa.

Na hilo sufuria lisilokuwepo ni la ukoo huo huo. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, alieleza habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1876, na mwaka 1988 mwenzake wa Uingereza, J. M. S. Pearce, akaiandikia tena. Mtu yuko karibu kulala, anasikia mlio mkubwa, mlango umebamizwa au bunduki imelia, wengine huona na mwanga, kisha hakuna kitu. Hakuna maumivu, na hakuna kinachopasuka kichwani. Inatisha, haidhuru. Kama mlio ungekuja na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, ningekwambia funga hiyo simu uende hospitali sasa hivi.

Mama mkwe wako naye asidharauliwe. Kuna tatizo jingine ambapo jioni miguu inahisi kutambaliwa kwa ndani, una hamu kubwa ya kuichezesha, na ukisimama ukatembea inatulia. Hilo mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma, na wajawazito hulipata sana. Unavyoeleza wewe si hilo, lakini kama hedhi yako ni nzito, kapime damu, na uombe na kipimo cha akiba ya chuma, ferritini. Vidonge vya chuma usianze kwa kukisia.

Jambo la mwisho, na unijibu hili kweli: asubuhi, ukishaamka, mikono hukurupuka yenyewe ukadondosha kitu? Umewahi kuamka umejiuma ulimi au umelowa? Mumeo amewahi kukuona unatikisika kwa muda bila kumjibu? Unakoroma na kukabwa pumzi? Na kuna dawa yoyote unayotumia? Baadhi ya dawa za sonona huongeza kushtuka huku, ila haziachwi bila daktari.

kijana_wa_Likoni

Nesi, muguka kweli? Hapa kwetu wanasema unatuliza.

Nesi_Mstaafu

Ndani yake mna kathinoni, na kathinoni kazi yake ni kuchangamsha mwili. Unaona umetulia kwa sababu unakodoa macho ukuta mmoja saa nne nzima. Na tusianze siasa za lile tangazo la 2024 la kupiga muguka marufuku hapa, tafadhali.

ZamuYaUsiku

Nesi kasema kweli. Wenzangu wa zamu waliokuwa wakitafuna ndio walioruka kuliko sote.

MamaMahamri, Kisauni

Nesi, Mungu akujaalie. Nimemuuliza mume wangu maswali yako yote mbele ya watoto, wakacheka kwa hilo la kukoroma, maanake anayekoroma ni yeye. Mimi sikabwi. Mikono asubuhi iko sawa, sijadondosha kitu, ulimi haujaumwa, sina dawa ninayotumia. Asema kile anachoona yeye ni teke moja tu, na limemfika mara nyingi, kisha nakaa kitako nikimwangalia kana kwamba ni yeye kanipiga.

Damu nitapima.

Daftari limehamia jikoni, kwenye debe la unga. Nalifanya baada ya Alasiri, na nikilifunga limefungwa. Kahawa sasa nakunywa saa kumi za alfajiri mbele ya karai, hapo ndipo nina haja nayo. Jioni nachemsha tangawizi na mdalasini bila majani ya chai. Mzee wa kahawa amenuna, kaniuliza kama nimehamia kwa mwenzake.

Bado hunijia, nisiseme uongo. Jana umenijia nikauambia mguu haya, ushamaliza? nikalala. Lakini siku za kabla ya hapo kuna usiku ulirudi mara nyingi na hilo la kuukaribisha halikunifaa kitu. Sasa usiku wa namna hiyo nibaki kitandani au niondoke? Na mchana nikilala kidogo ni vibaya?

ZamuYaUsiku

Ondoka. Ukiona kama dakika ishirini zimepita, na usizipime kwa saa, kadiria tu, inuka. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa vita. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, fanya jambo la kuchosha akili: kunja nguo, chagua mbaazi za kesho. Simu iache. Macho yakiwa mazito rudi. Na hata usiku ukiwa mbaya, saa ya kuamka isibadilike. Wewe una bahati, mahamri yenyewe hayakubali ubadilishe.

Nesi_Mstaafu

Kwa mtu anayeamka saa tisa za usiku, kailula si anasa. Ukishauza na kuosha vyombo, lala kidogo baada ya Adhuhuri, dakika ishirini, thelathini, weka kengele. Ukipitiliza mpaka jioni unaula usingizi wa usiku. Usingizi wa saa sita pekee usiku kwa mwili unaofanya kazi yako ni mchache, na uchovu uliokithiri ni mojawapo ya mambo yanayoleta huo mshtuko. Kama unaweza kumwachia binti mkubwa kukanda unga baadhi ya siku, mwachie. Kukanda ni kazi nzito na unaifanya karibu sana na kulala.

UmmuWawili

Mwanamke mwenzangu, unga wa kuumuka hata ukikandwa Alasiri hauharibiki. Punguza hamira, uweke mahali penye ubaridi. Mie nafanya hivyo mwezi wa Ramadhani, mahamri yanafura vile vile.

MamaMahamri, Kisauni

Na hili joto la Kisauni si utachacha? Lakini nitajaribu kwa kilo moja kwanza.

Mama_wa_Mikindani

Samahanini kuingilia. Nimesoma yale maswali ya Nesi nikashtuka mwenyewe. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na tano. Usiku analala vizuri, lakini asubuhi akiamka kujitayarisha kwa shule mikono humrukaruka. Kikombe cha chai kimemtoka mara kadhaa, mswaki pia. Babake humgombeza, asema ni uzembe na simu usiku. Kweli akikesha na simu ndiyo huzidi. Ni hii hii ya Mama Mahamri?

Nesi_Mstaafu

Mama, hiyo ni tofauti, na babake aache kumgombeza leo. Mama Mahamri hushtuka akiwa anaingia usingizini, kisha basi. Mwanao anakurupuka akiwa ameshaamka, mikononi, asubuhi, na huzidi akikosa usingizi, katika umri huo. Kuna aina ya kifafa inayoanza hivyo hivyo wakati wa kubalehe, na familia nyingi hukaa nayo muda mrefu zikidhani ni uzembe. Simwoni mtoto, kwa hivyo sisemi ndiyo. Nasema apelekwe kwa daktari, na aombewe kipimo cha mawimbi ya ubongo. Kama ndiyo yenyewe, dawa zipo na wengi huendelea na masomo yao vizuri.

Mpaka aonwe: alale mapema, simu ibaki kwako. Asubuhi hiyo mikono ikianza mrekodi kwa simu, daktari akiona video atafahamu zaidi kuliko akisikia maelezo. Asiende kuogelea baharini peke yake, hata maji ya magotini. Baiskeli barabarani hapana kwa sasa. Akianguka na kutikisika mwili mzima, mgeuze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, na ikipita dakika tano mkimbize hospitali.

Mama_wa_Mikindani

Kuogelea ndio kazi yake kila Jumapili na wenzake. Nimemnyima tayari, amekasirika. Video nitachukua kesho asubuhi, Jumatatu naomba ruhusa kazini twende.

MamaMahamri, Kisauni

Mama mwenzangu, ukitoka huko tupe habari hapa hapa. Na babake mpe asome jibu la Nesi mwenyewe, asisikie kutoka kwako.